Nukta Mbili Zilizogusana

Jina la Nyabol halifichi kitu. Kwa Wadinka, mtoto wa kike anayezaliwa baada ya mapacha huitwa hivyo, apende asipende. Ukilitaja mbele ya mtu wa kwao, atakutazama nyuma ya bega kwanza, kana kwamba mapacha wenyewe wako njiani wanakuja, kisha atauliza, "Na waliokutangulia wako wapi?" Nyabol aliulizwa swali hilo kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akaulizwa Kitale, na sasa anaulizwa Juba, sokoni, kanisani, hata na mlinzi wa getini. Jibu lake ni fupi. Ngor alikufa mchanga, kwa surua, kambini. Achan ameolewa. Ukimwuliza ameolewa wapi, atakuonyesha kaskazini kwa kidevu na kunyamaza, na wewe ukiwa na adabu utanyamaza pia.

Huyo Achan ndiye aliyemlea. Mama alipokuwa kwenye foleni ya maji au ya mgao, Achan, mwenyewe bado mtoto wa kamasi, alimfunga mdogo wake mgongoni na kuzunguka naye vumbini akimwimbia uongo: kwamba Mama yuko pale kwenye kona, kwamba anakuja na mandazi. Alipokua akaolewa, sehemu ya ng'ombe wa mahari yake ndiyo iliyompeleka Nyabol chuoni Eldoret, akasoma mpaka akajua kuchora ramani kwa kompyuta. Sasa hamu ya kumwona dada yake ilimkaa kooni mfano wa mwiba wa samaki. Hata akicheka, upo.

Mafuriko yalipofika huko Achan aliko, mnara wa simu ulisimama majini muda, kisha ukazimika. Simu ya mwisho ilikuwa kelele tupu, upepo na watu wakiitana, lakini sentensi moja Nyabol aliisikia vizuri: "Mwambie Mama tumbo hili si la mmoja!" Achan alikuwa anacheka. Simu ikakata. Msimu wa mvua umekwenda na mwingine umekuja, na haijaita tena. Kila jioni Nyabol hupiga namba ile ile, na kila jioni yule mwanamke wa kampuni ya simu humjibu kwamba mteja hapatikani. Sauti yake ameizoea kama ya shangazi. Anamchukia.

Na ajabu ya Mungu, kazi ya Nyabol ni kuonyesha watu walipo! Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la vipuri huko Hai Jalaba. Takwimu zinaingia pale zikiwa mchele na pumba, yeye anapepeta, halafu anachora. Shule ipi haina mwalimu, kisima kipi kimekufa, kipindupindu kimeanzia mtaa upi. Wakubwa wanakuja na magari yao, wanaitazama ramani yake na kutikisa vichwa, wanasema ahaa, kumbe. Lakini mtu mmoja tu, mwanamke mmoja mwenye mwanya na kovu la moto mkononi, huyo hawezi kumwonyesha. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na siku hiyo walikuwa wanamsema yeye.

Ile ramani iliyoleta haya yote ilikuwa ya waliohamishwa na maji. Majur, mwenzake wa ofisini, kijana aliyekulia Huruma kule Nairobi, ndiye aliyekwenda kukusanya hesabu kwa machifu, kwa mapadri na kwa wenye mitumbwi. Alirudi amekonda, na hesabu zenyewe zilikuwa za jumla jumla: kaunti hii watu kadhaa, kaunti ile watu kadhaa. Wako kijiji gani, kichuguu gani, hakuna aliyejua. Basi Nyabol akafanya inavyofanywa katika kazi yao. Aliiambia kompyuta, nukta moja ni watu mia, zitawanye ndani ya mpaka wa kaunti. Kompyuta ikazitawanya popote ilipotaka. Angeizuia isiziangushe majini, lakini picha za setilaiti za majira yale zilikuwa mawingu matupu, na maji hayakuonekana. Chini kabisa ya ramani akaandika kwa herufi ndogo kwamba nukta hazionyeshi mahali halisi. Na nani husoma herufi ndogo? Hata mimi sisomi.

Walipiga chapa bango kubwa la plastiki, na mpiga chapa wa watu akaiweka nembo ya mfadhili kichwa chini. Mkubwa wa ofisi alipoiona nusura azimie. Likapigwa bango jingine, na lile la kwanza likabaki limekunjwa nyuma ya mlango. Lakini Juba hakuna mtu anayetupa turubai. Mvua ilipoanza kuingia kwenye duka la Barni kule Hai Mauna, Nyabol alilibeba bango begani akampelekea, likafungwa kwa kamba upande unaopigwa na upepo, ramani ikitazama ndani.

Barni alikuwa jirani yao wa nyumbani, Msomali wa Garissa, mwanamke mnene wa maneno mengi na roho safi. Duka lake lilikuwa na sukari, unga, sabuni, na nyaya za kuchajia simu zilizoning'inia kila mahali. Mumewe, Kusow, alifanya biashara ya jumla, na alikuwa na boti ya mizigo iliyoshuka na mto mpaka Bor na kupita. Mama yake Nyabol, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Achan, alikuwa na kigoda chake pale dukani. Huko ndiko alikokaa mchana kutwa tangu simu ilipokatika. Akaketi tu. Chakula alikigusa akakiacha, na usingizi ulikuwa umemkimbia kitambo.

Siku moja Nyabol alipotoka kazini, akamkuta Mama amesimama, pua karibu igusane na bango.

"Nyabol, njoo hapa. Hawa ni nani?"

"Ni watu waliohama kwa ajili ya maji, Mama. Kila nukta ni watu mia."

"Na hapa si kwa kina Achan?" Mama hakujua kusoma, lakini mto aliujua. Aliufuata kwa kidole, kona kwa kona, mpaka penye mkunjo mkubwa aliovukia utotoni akiwa na mbuzi wa babake. "Si hapa?"

"Ni hapo."

"Wengine wote wametapakaa. Mbona hawa wawili wamejitenga, na wamekumbatiana?"

Ni kweli. Katikati ya peupe, mbali na nukta nyingine, mbili ziliangukiana mpaka zikagusana. Hapo ndipo Nyabol alipotakiwa kusema. Alikuwa na maneno yote, aliyasomea miaka minne. Akamtazama mama yake usoni, akaona kitu ambacho hakukiona tangu mafuriko, akasema, "Sijui, Mama. Labda."

Labda! Neno la mwoga hilo, jamani.

"Alisema si la mmoja," Mama alinong'ona. Kisha akapaza sauti, duka zima likasikia. "Barni! Amejifungua! Wawili! Hawa hapa!"

Barni alitoka nyuma ya meza na mikono yake yenye unga. "Mashallah! Wako wapi, wako wapi?" Akaonyeshwa, akapiga kigelegele, akamimina chai ya maziwa vikombe vitatu bila kudai kitu. Nyabol alikunywa, na chai haikuwa na ladha.

Toka siku hiyo Mama alianza kula. Alianza na uji, akaenda kwa samaki, mwisho akaanza kulalamika kwamba Nyabol hajui kukaanga bamia, na Nyabol alifurahi kutukanwa. Akanunua shanga soko la Konyokonyo, akatunga mikufu miwili midogo ya shingo za watoto, nyekundu na nyeusi. Kila asubuhi alikwenda dukani akasimama mbele ya bango. "Mmelalaje?" aliuliza. "Mmenyonya?" Barni naye akawa anapangusa vumbi mahali pale kwa kitambaa safi, pengine pote akapaacha hivyo hivyo.

Na Nyabol? Usiniulize. Yeye aliyeibonyeza ile kompyuta kwa mkono wake, aliyejua nukta zile hazina mtu, alijikuta asubuhi moja dukani, Mama hayupo, Barni yuko nyuma anapima sukari. Akatazama huku na huku. Akaweka kidole pale penye nukta mbili, akakiacha. "Achan," alisema, kwa sauti ndogo. Plastiki ilikuwa na joto la jua. Alijiona mjinga, akanunua sabuni asiyoihitaji, akaenda kazini akiwa na macho mekundu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mvua zilipopumua. Siku hiyo Majur aliingia ofisini mbio.

"Manze Nyabol, mawingu yameondoka! Picha ya setilaiti safi kabisa, cheki."

Sasa maji yalionekana yote. Nyabol alikaa mchana mzima akiyapaka buluu, ziwa juu ya ziwa, mpaka kaunti ya kina Achan ikabaki vipande vipande vya nchi kavu. Kazi ilikwisha. Angeinuka aende zake. Lakini mkono haukutulia, akazichukua nukta za bango la zamani akaziweka juu ya buluu mpya. Akautafuta mkunjo wa mto. Akazikuta zile mbili.

Zilikuwa majini. Si ukingoni, la. Katikati, maji pande zote, hakuna hata kichuguu.

"Vipi, umeona nini?" Majur aliuliza.

"Hakuna," alisema Nyabol, akaifunika kompyuta.

Alijua hazina maana yoyote. Alijua! Lakini alibaki amekibana kifuniko cha kompyuta kwa viganja vyote viwili, kana kwamba maji yangemwagika. Na kama yeye mwenye elimu yake alikuwa hivyo, Mama angekuwaje? Mama aliyeziamini angeiona buluu ile, angenyoa kichwa siku hiyo hiyo na kuketi chini kumlilia Achan na watoto. Na akiambiwa kwamba hazikuwa kitu, kwamba alikuwa anasalimia wino, je? Nyabol aliliona jambo lenyewe pande zote, na kila upande ulikuwa na miba. Akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Akaahirisha.

Lakini Ijumaa, akipita dukani baada ya kazi ya asubuhi, Barni alimshika mkono.

"Wewe! Mama yako anasafiri kesho na mimi hukuniambia? Jirani gani wewe?"

"Anasafiri kwenda wapi?"

Barni akamwachia mkono. Akageuka kumtazama mumewe. Kusow alikuwa ameketi juu ya gunia, miwani puani, na akawa wa kwanza kuelewa kwamba kuna tatizo.

"Boti yangu inatoka kesho alfajiri," alisema polepole. "Mama alikuja akaniomba nafasi. Nikamwuliza anashukia wapi, akanileta hapa kwenye bango akanionyesha. Nikamwambia, mama yangu, pale mimi sipajui, hatujawahi kufunga boti pale. Akanicheka. Akaniambia ramani hii imechorwa na binti yake, na binti yake hakosei." Akavua miwani. "Nimekosea, dada?"

Nyabol alikuwa ameshatoka, begi la kompyuta likimpiga kiunoni, akiruka madimbwi ya njiani huku watoto wakimcheka. Binti yake hakosei. Ee Mungu wangu.

Alimkuta Mama kibarazani anafunga mzigo. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa chini, na juu yake vinguo viwili, mikufu miwili, blanketi, chumvi, sabuni, na majani ya chai. Mama alikuwa amesuka nywele. Alionekana kijana.

"Mama, kwenye ile boti huendi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mama alicheka. "Wewe ulikuja nyuma ya wenzako. Lini uliwahi kunipangia?" Aliendelea kukunja. "Nilitaka kukuambia leo, nilijua utapiga kelele. Boti ya Kusow ni nzuri. Watanishusha, nitauliza. Watu mia mbili hawapotei."

"Mama, zile nukta si Achan."

"Najua si Achan peke yake. Watu mia, umenieleza. Mimi si mtoto."

"Hakuna mtu pale." Sauti ya Nyabol ilianza kukwaruza. "Hakuna aliyehesabiwa pale. Tulipewa hesabu ya kaunti nzima, basi. Kompyuta ndiyo iliyozirusha. Unavyowarushia kuku mtama, Mama. Punje mbili zikiangukia pamoja, si kwamba zinajuana."

Mikono ya Mama ilisimama juu ya kitambaa. Jirani alikuwa anatwanga kitu upande wa pili wa ua.

"Ulikuwa ukinitazama nikiwasalimia," Mama alisema.

"Ndiyo."

"Nikiwauliza kama wamenyonya."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unakula!" Nyabol alilia sasa, wazi wazi, kama mtoto aliyeanguka. "Ulikuwa umeanza kula, Mama! Ningefanyaje?"

Mama aliinuka. Hasira yake haikuwa ya kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Alikaza fundo la mzigo kwa nguvu, akalikaza tena. "Ule uongo wako wa kwanza ulikuwa mtamu, nikauamini. Leo unaniambia mwingine, wa kunizuia safari. Nitajuaje upi ni upi? Kusow amenipa neno lake. Kesho naenda."

Kwa maneno Nyabol asingeweza tena, alikuwa ameyaharibu mwenyewe. Akaketi chini kwenye mkeka, akaifungua kompyuta, akaigeuza. "Njoo uone kwa macho yako."

Mama alisita. Kisha akapiga magoti, maana macho hayana pazia. Ramani mpya ikatokea, na nukta za zamani juu yake. Hakuhitaji kuonyeshwa. Kidole chake kilikwenda chenyewe, kona kwa kona, mpaka kwenye mkunjo wa mto, kikashuka kidogo.

"Hawa hapa," alisema. "Na hii buluu ni nini?"

"Maji."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Sauti ilimtoka, ndogo, ya chini, sauti ambayo Nyabol aliisikia mara moja tu maishani, zamani, kambini, mtoto wa jirani alipofia mikononi mwa mamake. Kutwanga kukakoma upande wa pili wa ua.

"Hapana! Mama, hapana, nisikilize!" Nyabol alimkamata mikono yote miwili, akaitikisa. "Hawakuwapo! Hawajawahi kuwapo hapo! Si wao, Mama, si wao!" Maneno aliyoyaogopa miezi yote, sasa aliyapigia kelele kama habari njema. "Hakuna aliyezama hapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa hapo! Tazama. Tazama!"

Akabonyeza. Nukta zote zikaruka. Safari hii zilikwepa buluu, zikaangukia nchi kavu, nyingine huku, nyingine kule, na penye mkunjo wa mto hapakuwa na kitu.

Mama alishtuka akarudi nyuma. "Umewahamisha!"

"Sikumhamisha mtu. Watu wako walipo. Hizi ni nukta tu." Akabonyeza tena, zikaruka tena. "Umeona? Mtama."

Mama alipangusa pua kwa ncha ya nguo yake.

"Kwa hiyo hujui aliko."

"Sijui."

"Na hiki kidude?"

"Nacho hakijui."

"Na wale wakubwa wanaokuja na magari?"

"Hawajui, Mama. Hakuna anayejua."

"Kumbe." Mama aliketi vizuri, miguu akainyoosha mbele yake. Machozi yalimtoka yenyewe, bila kwikwi. "Kumbe mko sawa na mimi. Nina hamu na mwanangu, Nyabol. Nina hamu naye mpaka mifupa inaniuma. Nilipopata mahali pa kuitazamia hiyo hamu, nikapata nafuu. Basi."

"Hata mimi nina hamu naye," alisema Nyabol. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo, na lilimwuma kulitoa. "Hata mimi nilizishika zile nukta. Barni hakuniona."

Mama aligeuka kumtazama. Alisogea kidogo, mabega yao yakagusana. Kisha akanyoosha mkono kwenye kompyuta. "Nipe. Ni hapa unabonyeza?"

"Hapo."

Akabonyeza. Nukta zikaruka. Mama akainama, akatafuta. Akabonyeza tena. Nyabol alidhani anahakikisha, anataka kuona kama kweli ni bahati tu, akamwacha. Lakini mara ya nne au ya tano akagundua kitu. Kila zikiruka, Mama alikuwa anatafuta mbili zilizogusana. Na zilikuwapo, mara nyingi zilikuwapo, mahali fulani, kwa sababu punje zikiwa nyingi haziachi kuangukiana. Mama akizipata alifungua kidole gumba na cha shahada, akapima kutoka pale mpaka kwenye nyota nyeusi ya chini, nyota ya Juba.

"Mbali," alisema. Akabonyeza.

"Hawa wamezungukwa na maji. Watatokaje?" Akabonyeza.

"Mbali."

"Hapa kuna mbu, napajua." Akabonyeza.

Nyabol angemzuia. Alikuwa na kila sababu ya kumzuia, lakini akaisogeza kompyuta karibu na Mama. Jua lilizunguka likawafikia miguuni. Jirani alianza tena kutwanga. Barni alitokeza kwenye ua, akawaona walivyokaa, akarudi alikotoka bila neno, na kwa Barni hilo si jambo dogo.

Mwishowe zikaanguka mbili, zimegusana, kwenye ukingo wa chini wa kaunti, mahali pakavu, kando ya mstari mwekundu wa barabara. Mama alipima kwa vidole vyake, na pengo lilikuwa dogo. Akaondoa mkono kwenye kompyuta, akauweka pajani.

"Hapo," alisema. "Usiguse tena."

"Mama, lakini nimekueleza kwamba..."

"Nimesikia. Kuku na mtama, nimesikia yote. Kwenye boti siendi. Mzigo nitampa Kusow, watu wake waulize kila penye moshi, wamtaje Achan mwenye mwanya, pacha wa Ngor. Hilo ni la kweli na nitalifanya." Alielekeza kidevu kwenye kioo cha kompyuta. "Lakini hawa waache hapo. Hapo ni pakavu. Barabara iko karibu. Hapo, hata akiwa na mmoja mgongoni na mmoja kifuani, atatembea mpaka kwangu."

Nyabol, msomi wa takwimu, alinyoosha mkono akaihifadhi ramani ilivyo. Kisha wakabaki pale pale kibarazani, mama na mwana, wakiitazama mpaka chaji ikaisha.